Tanuri la Marehemu

Jumapili, 30 Juni 2024

Arobaini imepita. Hitma imesomwa, pilau limeliwa, masufuria yamerudi kwa wenyewe. Watu wa Kivinje wanajua kula! Mama mmoja alikuwa analia kwa jicho moja na huku anafunga mnofu kwenye ncha ya kanga.

Haruna alisubiri watu watawanyike. Huyu ni mdogo wa marehemu mume wangu. Tangu kaka yake azikwe anatembea humu kama mwenye nyumba. Akaketi nje ya pazia, maana tuko eda, akaanza kusema taratibu kama anayetoa hotuba. Tanuri la uani litavunjwa. Mahali pake patajengwa vyumba vya kupangisha. Siku hizi watu wanakula mkate wa dukani uliokatwa tayari, na tanuri bila mwokaji ni kaburi la pili ndani ya nyumba.

Kaburi la pili! Nusu ya mji huu imekulia mikate ya boflo ya mume wangu Ismaili.

Nikasema, shemeji, tanuri halivunjwi, lina mtu. Akauliza mtu gani. Nikasema mimi.

Halafu nikasikia mtu anacheka nyuma yangu. Warda! Mke mwenzangu. Mume mmoja, ua mmoja, sasa na eda moja — na hata leo ameshindwa kuuma ulimi wake.

Haruna kasema haya. Ijumaa ya tarehe kumi na mbili atakuja kuonja. Ukiwa mkate wa kaka yake, tanuri linabaki na aliyeoka anabaki. Asiyeoka, akimaliza eda arudi kwao. Ameyasema mbele ya dada yake Adija, ambaye hasahau kitu.

Kwetu wapi? Wazazi wangu wamekufa. Nyumba ya Songo Songo anakaa kaka yangu na mkewe, na mkewe na mimi hatusalimiani. Sina mtoto wa kunisemea. Ninacho chumba hiki tu.

Na sijawahi kuoka mkate maishani mwangu.

Jumanne, 2 Julai 2024

Si kosa langu. Ismaili hakutaka nishike unga. Zamu yangu ikifika, alikuwa anaamka kabla ya adhana, ananirudishia shuka mabegani, ananiambia lala mke wangu, hii kazi ya kiume. Nikalala. Nilijiona malkia.

Leo wifi Adija kaleta ngano na hamira. Kaviweka chini kama anayeweka chakula cha paka. Nimetia hamira kwenye maji ya moto, ya moto kweli, ili ifanye kazi haraka. Nimekanda. Nimefunika. Nimesubiri mpaka alasiri. Donge limelala vilevile! Nikaliingiza hivyohivyo, kwa hasira.

Kimetoka kitu. Adija kakigonga kwa kucha, akasema wifi, hiki cha kusugulia visigino? Akacheka mpaka akashika ukuta.

Warda yuko kwenye mkeka anasuka ukili. Anasuka na kunitazama. Bora angetukana.

Alhamisi, 4 Julai 2024

Maji ya uvuguvugu leo. Donge limeumuka! Nimelishangilia peke yangu kama mwehu. Nikajaza tanuri kuni za mkorosho na vifuu vya nazi, moto ukawaka, makaa yakawa mekundu, nikapanga mikate juu ya makaa.

Nje mkaa. Ndani uji.

Ndipo yule malaika wa kwenye mkeka akafungua mdomo. Dada, makaa yanatolewa kwanza. Mkate unaiva kwa joto la udongo.

Nikamwuliza nani kakuuliza? Wewe mtu wa shamba, wa Kikole, utajua nini zaidi ya muhogo? Akainamia ukili wake. Sawasawa.

Lakini sasa nimelala chali na swali halinitoki. Huyu kajuaje?

Ijumaa, 5 Julai 2024

Nimemuuliza. Afadhali nisingeuliza.

Kasema, alikuwa ananiamsha.

Nani?

Marehemu. Usiku wa zamu yangu ananiamsha, tunakanda wote. Yeye unga, mimi kuni. Baadaye mimi unga, yeye kuni, mgongo ulipoanza kumsumbua.

Kasema hivyo huku anakata ukili kwa meno, kama anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

Kwa hiyo mimi nilikuwa nalazwa na yeye anaamshwa. Kazi ya kiume! Mbwa yule. Mungu amrehemu, lakini leo acha nimuite mbwa. Nilikuwa namhurumia Warda, nilidhani mimi ndiye ninayedekezwa. Kumbe wenzangu walikuwa na mazungumzo yao kila alfajiri ya zamu yake, hatua chache kutoka mlangoni pangu, na mimi nakoroma.

Ningejua nisingemlilia siku zote zile.

Jumapili, 7 Julai 2024

Simsemeshi. Ameweka uji mlangoni pangu, nimewapa kuku.

Nimetoa makaa kwanza. Mkate umeiva. Mweupe ndani, kahawia juu, sina la kusema. Adija katafuna, kasema mkate ni mkate, ila wa kaka si huu. Wa kaka ulikuwa na utamu fulani kwa nyuma. Haruna ataujua huu kwa kuutazama tu.

Adija ni shetani lakini ulimi wake hausemi uongo. Nimeonja mwenyewe. Si wake.

Jumatatu, 8 Julai 2024

Mungu wangu.

Asubuhi mtu kabisha mlango wa uani. Mzee Valerian, Mmakonde yule mgema. Kabaki nje ya mlango, kofia mkononi. Pole mama, nilikuwa Newala kwenye msiba wetu, sikumzika rafiki yangu. Nikamwambia tumeshapoa. Akakohoa. Akasema, sasa mama, ile chupa niendelee kuileta?

Chupa gani?

Ya mkate, mama. Ya kila alfajiri. Tembo tamu, nikishuka tu mnazini.

Nilishika bawaba. Tembo! Ndani ya mkate unaonywewa chai na mashehe! Mkate uliopelekwa maulidi! Nikamfungia mlango mzee wa watu usoni bila hata kumuaga.

Nikamgeukia Warda. Ulijua! Nikamtukana yeye, Kikole yote na waliomzaa. Akaacha nimalize. Halafu akasema, bibi yangu aliumulia vitumbua kwa tembo na swala hazikumpita. Likipita kwenye moto halileweshi mtu. Na marehemu kafundishwa na mama yake mwenyewe, hapahapa uani.

Mama yake Ismaili. Kwa maana nyingine, mama yake Haruna! Bibi wa tasbihi!

Nimekaa kitandani kutwa. Sijui nicheke au nilie. Haruna kanyonyeshwa, kaachishwa ziwa, kapewa kipande cha boflo ya tembo.

Jumatano, 10 Julai 2024

Jana nilimwita Valerian nyuma ya ua. Nimejidharau, lakini nimemwita. Mzee kaleta chupa, kaniambia itumie leoleo mama, usiizibe sana. Mimi najifanya najua. Nikaiziba kwa gunzi, nikaibana kwa nguvu, nikaificha chini ya kitanda nikasubiri leo.

Imelipuka! Gunzi limepiga dari. Tembo limemwagika kwenye mkeka, kwenye shuka, kwenye msala wangu wa kuswalia! Chumba cha mjane kinanuka kilabu.

Nikakimbilia chetezo nichome udi — halafu nikakumbuka. Eda. Mwenye eda hana udi, hana ubani, hana hata tone la marashi. Warda kasimama mlangoni, akanitazama na chetezo changu kitupu, akasema, dada, la kuvunda halina ubani. Ningekuwa na fimbo!

Na saa hiyohiyo Adija kaingia. Si kesho, si jioni. Saa hiyohiyo! Pua juu. Humu mna harufu gani? Nikasema chachu. Akasema, chachu. Akaniinamia mpaka karibu na mdomo, kama askari wa barabarani. Kisha akainama chini ya kitanda, akaiona chupa, ikiwa na masalio. Hakusema neno. Akaifunga kwenye baibui lake akaondoka nayo.

Nilitamani anitukane. Adija akinyamaza anapeleka habari.

Alhamisi, 11 Julai 2024

Haruna anakuja kesho. Nilifikiria kuacha. Halafu nikafikiria uso wa mke wa kaka yangu akiniona nashuka na sanduku pale Songo Songo.

Valerian kaleta nyingine alfajiri. Nikamgongea Warda mlango. Sikusema tafadhali. Nimesema, amka.

Tumekanda pamoja. Hakuna aliyemwonea mwenzake huruma. Kanipiga kofi mkononi, kweli kabisa, kofi! Unakanda kama unafua, kasema. Usilikwangue, likunje, lisukume, ligeuze. Nikamwambia punguza sauti, hapa si shambani kwenu. Akasema, na wewe punguza kucha. Tukaendelea. Donge likaanza kulainika mikononi, likawa kama shavu la mtoto.

Nikamwuliza mlikuwa mnaongea nini, saa zile.

Kasema marehemu hakuwa mwongeaji. Mara moja moja alisema, tusimwamshe Sauda, usingizi wake mwepesi.

Usingizi wangu mwepesi! Sijui kwa nini neno hilo limeniuma kuliko lile la kuamshwa. Nikageuza uso nikajifanya natafuta chumvi.

Mikate ya majaribio imetoka. Nimekata mmoja. Ule utamu wa nyuma upo. Ni yeye. Nimekula nimesimama, machozi yananitoka, na Warda anakula upande wa pili wa tanuri, kanipa mgongo.

Bado simpendi. Niandike wazi nisije nikajidanganya. Simpendi, na kesho mmoja ndiye atakayeitwa mwokaji.

Ijumaa, 12 Julai 2024

Naandika nimesimama, daftari juu ya sanduku. Nimewaambia natafuta kanga ya kujitanda. Sitaweza kutafuta kanga milele.

Haruna kaja baada ya swala ya Ijumaa, kanzu nyeupe, na Adija nyuma yake. Kakaa nje ya pazia palepale. Mikate ilikuwa ndiyo inatoka. Warda akapitisha sahani chini ya pazia. Nikasikia Haruna anakata. Nikasikia anatafuna. Kisha sauti ya mtu mwingine kabisa ikatoka kooni mwake. Huu ndio mkate wa kaka. Wallahi ndio huu. Umenikumbusha mama.

Nikasema alhamdulillahi.

Akaomba kipande kingine. Akapewa.

Ndipo Adija akaitoa chupa. Nimeisikia ikigongwa sakafuni. Haruna akasafisha koo, sauti yake ya hotuba ikarudi. Kaambiwa kwamba ndani ya nyumba ya eda ya kaka yake mnanywewa tembo. Kwamba kuna mgema anakuja mlango wa nyuma asubuhi. Hataki kelele. Hataki jina la marehemu liingie midomoni mwa watu. Anataka kujua jambo moja tu, chupa ya nani.

Warda akatoka uani, akasimama kwenye tanuri.

Haruna akashusha sauti, kwangu mimi, kwa upole. Shemeji Sauda, wewe ni mtu wa mjini, mtu wa dini, tumekujua miaka. Sema tu ni ya huyu wa Kikole. Huko kwao wanakunywa. Tutamtafutia pa kumalizia eda yake, wewe ubaki na tanuri lako. Neno moja, yaishe.

Neno moja! Mimi nimeliomba neno hilo tangu siku Warda alipoletwa humu na godoro lake kichwani. Sasa naletewa kwenye sinia.

Na nikisema kweli, chupa ya nani? Ya Ismaili. Ya mama yao. Ya kila aliyekunywa chai mji huu. Nani atanisamehe kwa hilo? Watavunja tanuri usiku huuhuu kwa mikono.

Na nikisema ya Warda — kesho alfajiri nani atakunja donge? Nimejua kukunja tangu jana tu. Hapana. Nisijidanganye, si hilo tu. Ni kwamba yuko pale uani, namwona kwa ufa wa dirisha, majivu mpaka kwenye nyusi. Amesikia kila kitu. Hajitetei. Kashika kile kijiti cha kutolea makaa na ananitazama kwenye ufa, kana kwamba anajua jibu langu na amekwisha kulidharau.

Shetani we! Ungelia kidogo basi!

Adija anaita, wifi, hiyo kanga inafumwa?

Haruna anauliza tena chupa ya nani. Maneno hayatoki vizuri, amejaza mdomo mkate.