Ethi Imeishia Chini ya Kaburi la Baba

Jumamosi, Desemba. Mlima haujatoa uso tangu asubuhi. Nimerudi Kiboriloni na manyunyu ya Mwika kwenye suruali, nimechoka, wala si kwa kazi.

Nilipanda Mwika kumsalimia mama. Mdogo wangu Godlisten amemfungia hita ya maji bafuni, kwa ajili ya magoti yake na baridi ya kule. Jambo jema. Lakini mimi ni fundi umeme, nikatoa mita.

Kutoka hita hadi meinswichi, waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ulisoma nusu omu. Safi kabisa. Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, vilevile. Godlisten akacheka: "Umeona sasa, kaka? Kila kitu kizima!"

Nikatoka nje kutafuta fimbo ya shaba inayoupeleka ule waya ardhini. Waya unaingia chini ya vigae vya kaburi la baba.

Hapo ndipo unapoishia.

Jirani aliyeongoza uchimbaji alinieleza bila wasiwasi: fimbo iliwazuia, wakaing'oa, wakakata waya, wakamzika mzee vizuri.

Kwa hiyo waya zote za ethi mle ndani zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, ila ardhi hazijaishika. Hita ikivujisha umeme, utasambaa kwenye kila chuma cha nyumba, ukimngoja mtu mwenye miguu mibichi. Mtu huyo ni mama.

Dawa yake ni fimbo mpya upande wa migombani. Kazi ya mchana mmoja. Tatizo, lazima ning'oe mstari wa matofali mapya ya pavingi yaliyotandazwa uani kwa ajili ya wageni wa Krismasi. Godlisten hataki hata kusikia. "Taa si zinawaka? Acha mikosi, kaka."

Mama naye akamuunga mkono. "Mwanangu, acha sikukuu ipite. Na baba yako usimsumbue."

Sijasema nitamgusa baba!

Kwetu nyumba ya baba ni ya kitinda mimba, ndiye Godlisten, na wa kwanza ana shamba lake. Sisi wa katikati tunaambiwa tukajitafutie. Nimejitafutia, nimepata ufundi, nimepata mita nzuri kuliko za wengi mjini. Pale uani sina ruhusa ya kung'oa tofali moja.

Nikafungua nyaya za hita, nikaziziba kwa tepu, nikamwambia mama achemshe maji jikoni. Aliniangalia kama nimemnyang'anya shuka.

Sijafika hata nyumbani, Godlisten akapiga simu. Amempata fundi mwingine. Hita imerudi, mama ameshaoga, maji yalikuwa matamu.

Nikamuuliza kama huyo fundi alipima chochote.

"Kupima nini? Amewasha, imewaka."

Nimepiga tena mara mbili, hapokei. Mama hana simu yake. Kesho asubuhi ataoga kabla ya kwenda kanisani, kama kila Jumapili, nami niko huku chini.

Namlindaje mama ndani ya nyumba ambayo neno langu halina pa kushika?