Nyumba ya Kalemie Isiuzwe kwa Ajili ya Ndege

Katuba, Lubumbashi
Jumapili, baada ya misa ya pili

Baba yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe na Mama. Natumaini goti lako limepunguza kuuma tangu mvua ziishe, na kwamba Mama amekubali hatimaye kwenda kupimwa macho, maana mara ya mwisho alinisalimia mimi kwa jina la mjomba. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inayouma. Ningekupigia simu, lakini masikio yako uliyaacha ndani ya lokomotivu, na maneno haya sitaki kuyapigia kelele hadi majirani wote wayajue. Yasome polepole, kisha umsomee mdogo wangu Nadège. Usiruke hata mstari.

Usishangae kuona Katuba hapo juu badala ya Makomeno. Makomeno nilihama mwaka jana, kodi iliponishinda, na sikukuambia. Hapa nina chumba kimoja uani kwa mjane mmoja mpole, na asubuhi nikitoka na shati langu jeupe la urubani watu wanadhani nimekuja kuhubiri.

Bahasha yako ilinifikia Jumanne kwa mkono wa mwenzangu aliyetoka Kalemie na ndege. Ndani nikakuta karatasi ya kuuza nyumba, mahali pa sahihi yangu mimi mtoto wa kwanza pamewekewa alama ya msalaba, na maneno yako: « Niko na bana babili tu, bote bataruka. Mwenye kuuza amekwisha kukubali, mununuzi iko tayari, inabakia saini yako. » Mwenye kuuza ni wewe mwenyewe, Baba! Unataka kuuza nyumba mnayolala, wewe na Mama, ili Nadège aende Afrika Kusini kusomea urubani kama mimi, watoto wako wote wawili turuke. Nilisoma mara tatu. Nilikukasirikia wewe, kisha nikajikasirikia mwenyewe, na mpaka leo sijui hasira ipi ni kubwa.

Siweki sahihi. Sasa nikueleze kwa nini.

Wewe uliingia reli ukiwa fundi msaidizi, ukawa dereva wa treni ya mizigo, ukamaliza na treni ya abiria. Cheo kilipanda na miaka, hata miaka ile treni zilipokuwa zimelala stesheni na nyasi zikiota katikati ya reli. Kwetu sisi miaka si kitu. Kwetu zinahesabiwa saa ulizokaa hewani. Nilitoka shuleni na saa mia mbili, na kampuni ikitaka kukupa kiti cha commandant, rubani mkuu, inadai elfu moja na mia tano, pamoja na mitihani mingine juu yake. Ndege isiporuka, hesabu yako imesimama, hata ukifika kazini kila alfajiri na suruali imepigwa pasi. Hilo shuleni hawakutuambia. Walichukua pesa za kiwanja chetu cha kwanza, ulichouza unisomeshe, wakatupiga picha, wakatuaga.

Miaka miwili ya mwanzo hapa sikugusa usukani. Nilikaa kwenye meza ya mizigo, nikaambiwa nishukuru kwa kuwa niko karibu na ndege. Nilishukuru kweli, mjinga mimi. Halafu nikapewa kiti cha kulia, cha copilote, rubani wa pili. Lakini ndege zetu ni ndogo, na kabla ya kuruka ni lazima kila abiria apande mizani pamoja na mzigo wake, na anayewapima ni mimi. Wiki iliyopita mama mmoja aliyekuwa anaenda Manono alikataa kabisa.

« Commandant, unanipima juu ya nini? Miye niko mufuko wa bunga? »

« Mama, ni kwa usalama. Avion iko kidogo. »

« Basi panda weye kwanza. Unakonda vile, balikulipa lini? »

Foleni nzima ilicheka, na mimi nikacheka nao. Nilipoingia ndani ya ndege nikafunga mkanda kwa hasira, maana yule mama alikuwa amesema kweli.

Mshahara wangu ni hivi. Kuna kidogo cha kila mwezi, na kingine chote kinatokana na saa nilizoruka. Kampuni ina ndege mbili. Moja imeondolewa injini tangu kabla ya Pasaka, na injini haijarudi. Imebaki ndege moja, na marubani wa pili tuko wanne tunaigawana kama familia kubwa inavyogawana kuku mmoja. Kuna mwezi niliruka siku tano tu. Commandant hupata karibu mara tatu yangu, na hiyo ndiyo pesa ambayo watu wa Kalemie wanadhani ninayo mfukoni.

Utaniuliza kwa nini mimi sijawa commandant. Saa zangu zilitimia mwaka jana. Nilienda kwa mkubwa wa marubani na daftari langu la safari. Akalifungua, akalifunga, akaniambia kama mtoto: « Vumilia, petit. Avion ikitengenezwa, weye njo wa kwanza. » Nikavumilia, nikijua mimi ndiye wa kwanza. Mwezi uliofuata akaletwa mtu kutoka nje, mwenye saa nyingi kuliko nywele zangu, akakaa kwenye kiti kile. Simlaumu. Ni mtu mwema, na siku hizi anakula bukari, ugali wetu, kunishinda mimi. Ila kiti ni kile kile kimoja, na asiposhuka yeye, mimi sipandi.

Na ni kweli, huko kwenye kampuni kubwa za nje marubani wanaishi vizuri sana, sitakudanganya. Lakini wale wanataka mtu aliyekwisha kuendesha ndege kubwa, na kujifunza ndege kubwa unajilipia mwenyewe, bei ya nyumba nyingine. Tungehitaji nyumba ya pili ya kuuza, Baba.

Sasa ile picha.

Unakumbuka ulipotoa misa ya shukrani pale parokia, ukaniandikia nije na uniformu ili twende pamoja altareni na matoleo. Mabegani mwangu nilikuwa na mistari miwili ya rubani wa pili. Nikawaza: Baba ni mtu wa reli, jambo la kwanza atakalofanya ni kuhesabu mistari. Kwenu reli, mtu aliyemaliza miaka saba kwenye cheo kile kile ni ama mwizi ama mlevi. Ungenitazama vile mbele ya wazee wenzako wote, nao wangekutazama wewe. Basi nikaazima vitambaa vya mabegani vya commandant wangu, vyenye mistari minne. Katekista akanitangaza kuwa commandant, akina mama wakapiga vigelegele, tukapigwa picha hiyo iliyo ukutani kwako, ukalia. Nilikuwa sijawahi kukuona unalia. Baada ya hapo ningeanzia wapi kusema?

Picha ile ndiyo imetufikisha kwenye karatasi hii. Mwezi uliopita Nadège alinipigia simu. Nikajaribu kumwambia kwamba kazi ni ngumu, afikirie chuo kingine, hapa hapa Lubumbashi, anaijua hesabu kuliko sisi wote. Akanijibu, mimi kaka yake:

« Yaya, weye ulifika. Na miye, juu ya nini siwezi kufika? Ao hautaki tuikale babili? »

Alidhani ni wivu, kwamba sitaki tuwe marubani wawili. Nilimwacha adhani hivyo kuliko kumwambia kuhusu mabega ya kuazima, na hapo ndipo nilipokosa mara ya pili, tena vibaya zaidi. Msichana ana akili, ana moyo, angekuwa rubani mzuri kuliko mimi. Sisemi hawezi. Ninasema akirudi na cheti chake atakaa kwenye meza ya mizigo, na ninyi wawili mtakuwa mmepanga chumba kwa watu, mkingoja ndege ambayo haina injini.

Jirani yangu hapa, Kabwe, anaendesha malori makubwa ya mgodi, upande wa Kinsevere. Hakusoma zaidi ya mwaka wa nne wa sekondari. Mwezi ukiisha, analipwa. Mawe yawe mengi au machache, analipwa. Yeye ndiye aliyeniambia kuwa wanachukua watu wapya na kuwafundisha kuendesha. Nilienda, nikapimwa macho, damu na akili, na daktari akasema hajaona macho mazuri kama yangu tangu mwaka uanze. Jumatatu ijayo naanza.

Ndiyo, Baba. Naacha ndege. Nimeandika sentensi hii mara nne na mara tatu nikaifuta. Nilipompelekea mkubwa wa marubani barua ya kuacha kazi, hakuuliza kwa nini. Alitazama saa yake tu, akauliza: « Na kesho, nani atapima bantu? » Nililia njiani, mchana kweupe, na shati jeupe.

Karatasi yako inarudi ndani ya bahasha hii kama ilivyokuja. Mnunuzi mwambie mtoto wako wa kwanza amekataa, unitupie lawama zote mimi, nimezoea. Picha itoe ukutani, au iache, sikuamulii. Na katekista mwambie wewe mwenyewe ukweli kabla hajaupata kwa abiria.

Nisalimie Mama, na umfiche habari ya chumba kimoja mpaka nimwone uso kwa uso. Nisalimie shangazi Bernadette anayeuza samaki wakavu sokoni, na mzee Romain uliyeendesha naye treni ya abiria.

Nadège sikumwekea salamu, kwa sababu hatazitaka. Atanichukia. Afadhali anichukie akiwa amelala ndani ya nyumba yenu.

Mwana wako,
Placide