Nimeandika "Maji ya Kufulia", Mama Mkwe Akafulia

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke, ingawa mimi mwenyewe nikibaki jikoni peke yangu nacheka mpaka ugali unashika chini. Ni mama wa watoto watatu, tunaishi nje kidogo ya Shelui, na nyumbani kuna vyombo viwili vya maji: simtanki ambalo mume wangu Elisha alilifungia gata likinge mvua ya bati, na pipa langu la bluu nyuma ya jiko, ambamo namwaga maji yote tuliyokwisha kuyatumia, ya kufua, ya kuoga na ya kusuuza vyombo, nikayapeleke kwenye mchicha na mipapai, na nakuambia kweli, kiangazi hiki mtaa mzima umekauka lakini bustani yangu ni ya kijani, majirani wakipita wanapunguza mwendo, nami najisikia raha hadi naona aibu.

Elisha hajawahi kulipenda pipa. Anasema maji ya Mungu ni yale ya juu na yangu ni uchafu uliokaribishwa nyumbani, nami humjibu kwamba tenki lake likifika Agosti linalia ukiligonga, basi ili asije akachanganya nikachukua rangi nikaandika kwenye pipa kwa herufi kubwa MAJI YA KUFULIA, yaani haya yametoka kufuliwa. Nilijiona msomi.

Mwezi uliopita akaja mama mkwe kutoka Nduguti, naye ana kitambaa cheupe cha kichwa cha umoja wa wanawake kanisani, na siku niliyokwenda mashineni kusaga akalisoma pipa, akafurahi kuona mkwe mwenye mpango, akachota, akafua. Asubuhi hiyo nilikuwa nimefua kitenge kipya kinachochuja. Niliporudi kitambaa kiko kwenye kamba, rangi yake ya wingu la mvua, na mama ameketi anakitazama. Nikafungua mdomo niseme kweli, ukatoka uongo, nikasema ni sabuni, mama, sabuni za siku hizi zinaharibu nguo, na sabuni yenyewe aliinunua yeye kwa Simeoni gulioni. Mama akakinusa kitambaa, akasema, "Sabuni hii kali, mwanangu. Ina mpaka harufu ya soksi za Elisha."

Tangu hapo ni magulio matatu, kila gulio anasema atamrudishia Simeoni sabuni yake, anatoka nayo, anarudi nayo, nami nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa mpaka nimwone akikunja kona nayo. Elisha amejua, anasema niliondoe pipa kabla mama hajasafiri mwisho wa mwezi, la sivyo atasema yeye. Nikiliondoa bustani inakufa, nikikataa mama atajua mkwe wake ni mwongo, na mshauri, ninampenda yule mama, tukichambua mchicha pamoja ananichekesha mpaka nasahau kilichoko jikoni. Nifanye nini?

Leah, Shelui

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Leah. Kutokukucheka kumenishinda. Nimemwaga chai juu ya barua yako.

Tuanze na lugha. Maji ya kufulia ni maji ya kufua nayo. Mama mkwe alisoma vizuri, wewe ndiye uliyeandika vibaya, halafu ukamtwisha Simeoni mzigo wako, mtu wa watu anayejiuzia sabuni yake.

Kuhusu pipa, Elisha amepatia nusu. Maji yaliyotumika hayalazwi, yakilala yananuka na mbu wanazaana humo. Yachukue kwa beseni siku ileile, mwaga kwenye shina, usimwagie majani, na yale ya nepi au yenye mafuta ya nyama yasifike bustanini kabisa. Bustani haifi, bibi wee, inabadilisha chombo tu. Mvua iwe ya kunywa, kupikia na nguo nyeupe. Mwambie mumeo kwamba tenki lake linafika Agosti kwa sababu ya pipa lako, maana bila hilo mipapai ingelimaliza Juni. Naye msimu ukianza aache mvua ya kwanza ioshe bati kabla ya kuielekeza ndani. Pipa lisugueni, lipate mfuniko, futeni yale maandishi, nalo likinge mvua upande wa pili wa nyumba. Mmeshinda wote wawili, acheni kubishana.

Sasa mama. Mwanamke aliyelea watoto Nduguti kwa maji ya kubeba kichwani haambiwi harufu ya maji yaliyotumika. Na soksi za Elisha amezifua tangu darasa la kwanza. Alijua pale pale kwenye kamba, Leah. Ile sabuni anaitembeza gulioni ili akupe nafasi ya kusema, na kila akirudi nayo wewe unahesabu umepona.

Kesho asubuhi mwamkie, keti karibu naye, useme, "Mama, ni maji yangu, si sabuni." Usiongeze kitu, mwache acheke kwanza. Kisha nendeni pamoja mkanunue kitambaa kingine. Mama wa watu amekungoja magulio matatu; usimngojeshe la nne.