Matonge Kumi na Sita

Sidhpur, Gujarat,
India.
18 Novemba 1973

Kwa Mama yangu Kudra binti Ramadhani,
Nyuma ya soko, Kasulu.

Mama, salamu nyingi zikufikie. Karatasi haina mikono ya kukupigia makofi taratibu, kama Waha tunavyosalimiana, na kukuuliza habari za nyumba, za shamba na za majirani mpaka pumzi ituishie, lakini ujue nimekaa chini kwa adabu kabla ya kushika kalamu. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Ile dawa uliyopewa hospitali ya Kabanga bado unaitumia, au umekwisha kuwagawia jirani zako kama kawaida yako? Mimi ni mzima wa mwili. Nimekonda kidogo, na kichwa nimenyoa chote, ungenicheka.

Asia, dada yangu, wewe unayesoma, soma yote, tena kwa sauti. Nakujua. Ukifika mahali pagumu husema mwandiko wa Mansukh haueleweki, ukaruka. Safari hii nimeandika herufi kubwa makusudi, kwa hiyo huna pa kujificha.

Mama, wewe ulikuwapo siku baba aliponiaga. Aliniachia kazi mbili. Kwanza, majivu yake niyapeleke mto Narmada. Pili, nije hapa Sidhpur nimlishe mama aliyenizaa, marehemu Jamna, aliyefariki siku ile ile niliyozaliwa. Alisema ni miaka ishirini na saba Jamna hajalishwa, na kosa ni lake, kwa kuwa kila mwaka aliona hawezi kuliacha duka. Nikimaliza, niende Uingereza kwa baba mdogo, ambaye amekwisha kunitumia makaratasi yote. Ulikuwa umesimama mlangoni na beseni la maji, ukasikia kila neno. Sikukuuliza unaonaje.

Kazi ya kwanza ilikwisha bila shida. Mahali panaitwa Chandod. Ngazi za mawe zinashuka kutoka kwenye mahekalu mpaka ndani ya mto, na watu wanaoga hapo tangu alfajiri. Vizee wanashikwa mkono na wajukuu, wanawake wanaingia na nguo zao mwilini, kila mmoja anajizamisha huku akinong'ona majina ya watu wake. Nilipanda mtumbwi mpaka pale mito inapokutana, nikamwaga majivu, nikazama mara tatu. Meno yaligongana kwa baridi, lakini moyo ulitulia. Nilijua baba nimemfikisha.

Sidhpur ni habari nyingine. Hapa sisi Wahindu tunakuja kwa ajili ya mama tu. Mto wenyewe, Saraswati, ungeuona ungeuliza uko wapi. Sisi tuliozoea Malagarasi tungesema ni kijito. Maji yanafika kwenye kifundo cha mguu, na wengine wanachimba mchanga kwa mikono wapate ya kuogea. Hata hivyo hakuna anayelalamika. Wanaume wazima, wenye matumbo yao na miwani yao, wamekaa mchangani wanalia kwa ajili ya mama zao mbele za watu, na hakuna anayewatazama vibaya. Nilipenda sana kuona jambo hilo.

Nikueleze ibada inavyokwenda, maana bila hivyo hutaelewa nililolifanya. Ukishaoga unakaa mbele ya kuhani na unga wa shayiri uliochanganywa na ufuta. Unafinyanga matonge kumi na sita. Kila tonge ni la taabu moja ambayo mama aliipata kwa ajili yako. Kuhani anaitaja taabu hiyo, wewe unataja jina la mama, kisha unaliweka tonge kwenye majani na kulimiminia maji. Tonge likishawekwa haliondolewi. Na matonge haya, mama, ni chakula cha wafu.

Matonge ya mwanzo ni ya mimba. Kuna la uzito wa tumbo, la kutapika, la hofu ya kutojua kama atapona, na la uchungu wa siku ya kuzaa. Nilimtaja Jamna kwa haki kabisa, na nililia, mimi ambaye sikupata kuuona uso wake. Nilimwomba radhi kwa kuchelewa. Niliona kweli anakula.

Kisha kuhani akasema tonge linalofuata ni la mama aliyelala palipolowa ili mtoto alale pakavu. Hapo mkono wangu ukasita. Jamna hakupata hata usiku mmoja wa hivyo. Nilikiona chumba cha nyuma ya duka, magunia ya maharage ukutani, Asia upande huu na mimi upande ule, nawe katikati umelalia mikojo ya watoto wawili na baridi ya Kasulu unaijua. Kuhani akanihimiza. Mdomo wangu ukasema, Kudra.

Akauliza huyo ni nani. Nikajibu ni mama yangu mwingine, aliyeninyonyesha. Akadhani ni mke wa pili wa baba, akauliza ukoo wake. Nikasema ni Muha. Ukoo huo hakuujua, lakini nyuma yetu watu walikuwa wanangoja zamu, akaniambia niendelee. Nikaendelea. Tonge la mama aliyenyonyesha huku ana njaa, nikasema Kudra. La mama aliyekunywa dawa chungu mtoto alipougua, nikasema Kudra. La mama aliyekesha, Kudra tena. Asia, usinyamaze, soma. Yalikuwa matonge manne, na niliyaweka kwa furaha, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nasema ukweli wote mbele za watu. Tulipofika la tano kwa jina lako ndipo kuhani akauliza Kudra alifariki mwaka gani. Nikamwambia hajafariki, nimemwacha kituo cha basi Kasulu akiwa na kikapu chake, ananisisitiza nisile vyakula vya barabarani. Akakitua chini chombo cha maji.

Mama, nimekuweka kwenye hesabu ya wafu nawe u hai. Sikukusudia, lakini nimefanya, na mkono ni wangu. Nilimwuliza kuhani dawa yake. Ni mzee mpole, hakunifokea. Alisema katika maisha yake yote hajaona mtu akikosea hivyo, na dawa haijui. Siku ya pili nikarudi kwake, na ya tatu, mpaka akachoka nami. Mwishowe akaniambia matonge yaliyobaki nimpe Jamna, kwa zile taabu ambazo angezipata kwa furaha kama angepewa nafasi. Nikaona ni kweli. Nimempa yote, na kazi ya baba imekwisha.

Lakini manne yako yapo pale pale. Ni mwezi wa pili sijapata barua kutoka Kasulu, na ninaogopa. Nasema wazi, ninaogopa sana. Huenda umekwenda Kibondo kwa mjomba Abdalah, huenda Asia ni mvivu tu. Nakuomba apande basi mpaka Kigoma, anipigie telegramu kwenye anwani ya Bombay iliyo nyuma ya bahasha. Neno moja linatosha.

Kuna na hili. Wageni wa kwetu, Wahindi, walipokuja dukani kutoka Kigoma, nilikuita kwa jina kama mtumishi, Kudra lete chai, Kudra toa viti. Baba ndiye aliyenifundisha nilipokuwa mdogo, lakini nilipokuwa mtu mzima nilijifundisha mwenyewe. Wewe ulileta chai. Miaka yote hiyo sikukuita mama mbele ya mgeni hata mmoja, na siku nilipothubutu, nilikuita miongoni mwa wafu. Aibu hii siwezi kuipeleka Uingereza. Makaratasi ya baba mdogo nimemrudishia jana kwa posta, na barua ya kumshukuru. Atakasirika, na atazoea.

Ninapanda meli ya mwezi wa kwanza hapo Bombay, narudi nyumbani. Kuhani hana dawa, basi nimejitafutia yangu. Nikifika nitakupikia ugali kwa mikono yangu, nitakukatia tonge nikulishe barazani mwa duka, siku ya soko, mchana, kila mtu anaona, na wageni wa kutoka Kigoma nitawaalika. Ni tonge la mtu aliye hai. Utakula manne, mama, hata kama umeshiba, hata kama ugali wangu ni mbichi. Ningoje. Usiende popote kabla sijafika.

Nisalimie mjomba Abdalah, Mzee Stanislaus fundi cherehani, na wote wanaoniulizia. Asia, asante kwa kusoma. Sasa mpanguse mama machozi, kisha upanguse yako.

Ni mimi mwanao,
Mansukh wa Kudra