Kopo la Kadi za Kiaislandi

Shangazi Zuwena,

Nimesema uongo kwa ajili yako, na sasa nakushuku wewe. Naanza hapo hapo, maana hukupenda mtu anayezunguka.

Mwezi wa pili baada ya kukuzika, Gudrun wa Reykjavik aliniandikia. Nilimjua kwa jina tu: rafiki yako tangu marehemu mumeo alipokwenda nawe Aislandi kusomea umeme wa mvuke wa ardhini, ukarudi Maskati baada ya miaka minane na lugha ambayo hapa huna wa kuizungumza naye. Alinipa pole ndefu. Kisha akauliza kadi zako za maneno ziko wapi, kwani kile kitabu cha maneno mapya ya Kiaislandi kinakwenda kuchapwa na anataka kuzitazama kwanza. Pole ndefu, na mkiani ombi. Nikasema, huyu ana lake jambo.

Basi nikamjibu kwamba zimepotea tulipohamisha vitu vya nyumba yako ya Khuwair. Kumbe lile kopo la halwa ulilozitia lilikuwa kwangu Mawaleh, kabatini, nyuma ya unga.

Ungenilaumu? Nyumbani kila mtu alijua kazi ile ya kuunda maneno ni yako. Kila Ijumaa baada ya chakula ulikaa na kikombe cha kahawa ukitutesa. Watu wa Aislandi, ulituambia, hawapendi kuazima maneno. Simu ilipoingia kwao walifukua neno la kale la uzi wakaipa. Sasa shule zao zilitaka maneno ya Kiingereza ya nchi za joto yapate ya Kiaislandi, kazi ukapewa wewe, nawe hukuligusa neno mpaka sisi tulieleze kwanza kwa Kiswahili. "Nna tende hapa imelainika upande mmoja, upande wa pili bado ngumu. Mtu wa theluji mtamwambia nini?" Mama akasema mwambie aje aonje. Ulicheka hadi ukaimwaga kahawa.

Kwa hiyo nilimchukia Gudrun. Nilimwona anataka jina lake lielee na lako lizame. Aliniandikia tena, kwa upole zaidi, na upole ule nao nikaushuku.

Wiki iliyopita nikalitoa kopo nitafute ushahidi wa kumshinda. Mbele ya kila kadi kuna neno la Kiingereza na la Kiaislandi. Nyuma kuna maelezo yako ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama Bibi alivyokufundisha, nawe ukanifundisha mimi. Gudrun angezigeuza kadi zile mwaka mzima asiambulie kitu.

Kadi ya kwanza: "Langu. Nimelipenda." Ya nne: "Hili la Gudrun. Langu lilikuwa baya." Ya tano, la Gudrun. Na lile la tende, Shangazi! Lile ulilotuambia limekujia ukiosha vyombo. La Gudrun. Nikazipanga sakafuni mafungu mawili, na fungu lake likawa kubwa kuliko lako.

Kwenye nakala ya orodha uliyompelekea mhariri wa kitabu, niliyoikuta humo koponi, yote umeandika ni yako. Nimeisoma mara tatu.

Baadhi ya kadi zina maneno mawili zaidi: "Nimwambie mhariri." Lini? Wino wake umeshapauka. Ulikuwa na muda wa kutusimulia sisi uongo wa vyombo. Uliogopa nini? Ungesema una mwenzako huko anakuzidi, tungekutania wiki moja yakaisha. Au ulikusudia kusema, maradhi yakakuwahi? Sijui, na kutojua kunaniuma kuliko kukukosa. Hapana, si kweli. Kukukosa kunaniuma zaidi.

Siku ya maziko yako Baba alisimama mbele ya watu akatangaza: mwenye haki yoyote kwa dada yake ajitokeze, alipwe au asamehe. Hakujitokeza mtu. Nikafurahi kwamba umekwenda huna dhima ya mja, hudaiwi na mtu. Mwenye haki akaja mwezi wa pili, kwa heshima, hata hakuitaja haki yake, na mimi nikamfungia mlango.

Jana nilimpigia. Nikamwambia kopo halijapotea, nilimdanganya. Nikamsomea kadi moja moja nikizifasiri kwa Kiingereza. Nilipofika kwenye "Langu lilikuwa baya" akaniomba nirudie. Nikamwuliza kama alijua. Alijua tangu alipoiona orodha yako kwa mhariri. Alikuwa akikungoja useme mwenyewe.

Nakuahidi hivi: orodha mpya nimeshaiandika, kila neno na mwenyewe, na kesho mhariri anaipata. Yako yaliyobaki ni mazuri, na yale nitayapigania na yeyote. Lakini sitaficha kadi hata moja, hata zinazokuaibisha. Na Ijumaa nitawaambia wote nyumbani, Baba wa kwanza.

Mwisho nilimwomba Gudrun akusamehe. Akauliza kama msamaha wa mtu asiye wa dini yetu unakufikia. Nikamwambia elimu hiyo sina, lakini autamke. Akasema maneno machache kwa Kiaislandi, polepole. Sikufahamu hata moja, wala sikumwomba anifasirie. Nilishika simu tu, nikaielekeza mbele usikie, kana kwamba umekaa pale.

Kwa heri, Shangazi. Mungu akupokee kwa rehema zake.

Mwanao,
Rahma