Eti Ulizozifuta

Wayllaqucha, juu ya Huanta,
Ayacucho.
23 Aprili, 2018.

Mpendwa mwanangu Nélida,

Nakusalimu kwa moyo wote, na kabla sijasema lolote nataka kujua u hali gani. Kile kikohozi cha ukungu wa Lima kimekuacha? Unakula chakula cha maana, au bado ni mkate na kahawa ya kunywa umesimama? Mumeo hajambo? Sisi huku tu wazima. Mvua imekatika mapema mwaka huu na mahindi yameanza kukauka mashambani. Baba yako goti linamsumbua, lakini hataki kusikia habari ya fimbo. Juzi alimfokea padre kwa kumwita mzee.

Jarida ulilonitumia nimelipata. Nilipoona jina lako, Daktari Nélida Yaranga, limechapwa pale juu ya ukurasa, nilitoka mbio hadi kwa kaka yangu, baba yako, na aproni yangu kiunoni. Alilishika, akalipapasa, akalia. Nataka ulijue hilo kwanza, maana yanayofuata si mazuri.

Nina hasira nawe, Nélida. Nina hasira mpaka chakula hakipiti.

Sikatai kwamba kazi yako ina faida. Zamani mwanamke wetu akijifungua na kuzama katika huzuni, kituo cha afya kilimpa vidonge vya kichwa na kumwambia aende nyumbani akapumzike. Tangu ulipoanza kuandika, tumeletewa mwanasaikolojia, Renzo, kijana mpole anayejua kukaa kimya mtu anapolia. Hilo ni lako na ninakupongeza. Lakini ukurasa wa tatu wa kazi hiyohiyo umemnyang'anya Eudocia mtoto wake.

Ndiyo, Eudocia niliyemsimamia ubatizo, mke wa Nemesio mpiga kinubi. Yuleyule aliyekuachia kitanda chake ulipokuja na kinasa sauti. Umemwita "E., mke wa mwanamuziki wa kijiji", ukadhani umemficha. Mwanangu, Wayllaqucha nzima ina kinubi kimoja! Renzo alimtambua hata hajafika mwisho wa aya, na kwa kuwa sheria inamtaka atoe taarifa, akatoa. Sasa Maricruz, mtoto wa miezi minane, amewekwa kwa bibi yake Zenobia, mama yake Nemesio. Eudocia anaruhusiwa kumnyonyesha mbele ya mtu wa ustawi wa jamii tu, na mtu huyo hupanda kutoka Huanta siku gari likipatikana. Lisipopatikana, mtoto hulia upande ule wa ukuta na mama hulia upande huu.

Jumanne baada ya sikukuu ya Misalaba, wiki mbili tu kutoka sasa, hakimu ataamua. Ama Maricruz atarudi kwa mama yake, ama atapelekwa mjini Huamanga kwenye makao ya watoto, kwa sababu wanasema bibi na mama wanaishi ua mmoja na hapo hakuna usalama.

Sasa nikuulize, Eudocia alikwambia nini? Nilikuwepo jikoni siku ile, namenya viazi. Alisema hivi, tena anacheka: "Nilipopata homa ya uzazi, eti nilimbeba mtoto nikashuka naye mtoni. Eti nilitaka kumkabidhi kwa mto. Mimi sikumbuki kitu, hayo muulize mama mkwe." Hiyo eti kwa Kiquechua ni kasauti kadogo tu tunakokabandika kwenye mkia wa neno, lakini hata mtoto anayejifunza kuongea anakajua. Ukikaondoa, ukaweka kale kenzake, unasema jambo uliloliona kwa macho yako. Na wewe ukaandika: "Nilimbeba mtoto nikashuka naye mtoni. Nilitaka kumkabidhi kwa mto." Eti zote umezing'oa kama magugu.

Wala si hilo tu. Unajua fika, au Lima imekusahaulisha, kwamba huku mzazi yeyote akishikwa na homa, wakubwa wake husema maneno hayohayo. Husimama mlangoni wakayasema kwa sauti, ili mto usikie, uone haya, umwache mama wa watu. Mimi nilisemwa hivyo. Na ulipozaliwa wewe, bibi yako alisimama mlangoni akautangazia mtaa mzima kwamba eti mama yako, Mungu amrehemu, anataka kukukabidhi kwa mto. Kuna mtu alikuja kukuchukua? Ulilala kifuani pa mama yako mpaka ukaota meno, na ukamng'ata.

Nilikwenda kwa Renzo. Nikamwambia, "Mwanangu, huyu binti alisema eti."

"Mwalimu Tiburcia, nakuamini. Lakini hapa imeandikwa 'nilitaka'. Na aliyeandika ni daktari, tena mtoto wa hapahapa kwenu. Nani atabisha?"

"Nabisha mimi!"

"Wewe ni mama yake wa ubatizo. Watasema unamtetea."

Kijana wa watu alikuwa amekunja uso, naona hata yeye usingizi haumjii. Nilipotoka nikamkuta Zenobia ukumbini, Maricruz mgongoni, machozi yanamtiririka. Akanishika mkono. "Mwalimu, mimi nilisema eti! Kwa mdomo wangu huu! Nilikuwa naufukuza mto, sikuwa namshitaki mkwe wangu. Hivi hao wa Lima kwani hawana mito?" Nusura nicheke, kisha nikaona aibu, kwa sababu mmoja wa "hao wa Lima" ni damu yangu.

Halafu nikapanda kilimani kutafuta mtandao, nikakupigia. Ukaniambia tafsiri ilifanywa na kijana mmoja wa chuo. Ukaniambia wenye jarida wanapenda sentensi fupi. Ukaniambia la muhimu ni maana ya jumla. Maana ya jumla, Nélida! Nimefundisha watoto wadogo kusoma kwa lugha mbili mpaka nikastaafu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniletea kisingizio kama hicho. Tena wewe Kiquechua unakijua, uliisoma tafsiri hiyo, ukaipitisha. Kisha ukasema una mkutano. Nilibaki juu ya kilima upepo unanichapa, naongea na simu iliyokatika.

Na pale mwisho umeishukuru "jamii ya Wayllaqucha kwa ukarimu wake". Huo ukarimu ni supu ya Eudocia na kitanda cha Eudocia. Shukrani za namna hiyo ukae nazo.

Nataka uje. Usinitumie barua yenye muhuri wa chuo, na usimtume mwanafunzi. Panda basi, uje na sauti ya Eudocia uliyoinasa, usimame mbele ya hakimu, aisikie, halafu useme kwa mdomo wako kwamba ulikosea. Najua si jambo dogo. Wenzako watauliza ni nini kingine kimefutwa humo ndani, na ile tuzo uliyopewa kwa kazi hii, watu wataiangalia kwa jicho jingine. Itakuuma, na mimi itaniuma kukuona. Hata hivyo njoo.

Nilitaka kuishia hapo, lakini Eudocia ametoka hapa sasa hivi. Alikuja kuomba majani ya kukanda matiti, yamejaa, yanawaka moto. Ule ukurasa wako polisi wamemsomea, wakamsomea watu wa ustawi, wakamsomea wa mahakama, kila mmoja kwa Kihispania chake, na kila mmoja akimwambia akubali tu ili asaidiwe. Nikamwambia, "Usiwaogope, mwanangu. Siku hiyo sema vilevile ulivyomwambia Nélida." Akasema polepole, kwa Kiquechua chetu: "Mama, nilimbeba mtoto nikashuka naye mtoni. Nilitaka kumkabidhi kwa mto."

Nilingoja ile eti kwenye mkia wa neno. Hakuiweka.

Baba yako anakusalimu sana. Sijamwambia lolote, bado analala na jarida lako chini ya mto wa kichwa. Zenobia anakusalimu. Nemesio hakusema nikusalimu, na sikumlazimisha. Msalimie mumeo na wakwe zako.

Bwana Yesu wa Maynay akutangulie njiani na akufikishe salama kwetu.

Akupendaye na anayekungoja,
shangazi yako,
Tiburcia Yaranga