Mwanzi wa Kalundu

Jumatatu, 2 mwezi wa tatu 1964

Maji yamepanda kidole kimoja tena. Nimeandika kwenye rejista ya ofisi ya bandari. Ukungu mzito bandarini, ng'ambo haionekani, meli moja imesimama kama imesahau ilikokuwa inakwenda. Rula ya chuma ya kupimia ziwa, waliyoiacha Wabelgiji, ilizama tangu Noeli. Nilifunga mwanzi juu yake na kuchonga alama kwa kisu. Unapima vizuri tu.

Nilipita kwa mama yangu, safu ya nyumba za chini, nikawaambia wanawake: kidole kimoja. Wanapenda kujua mapema. Ndagala, dagaa wetu, walikuwa wanaogelea kati ya mihogo yao.

Jumatano, 4

Mkuu wa ofisi alitukusanya akasoma karatasi iliyotoka kwa wakubwa wa jimbo, Bukavu. Nchi haina fedha. Tangu faranga ishushwe thamani sabuni haishikiki, chumvi haishikiki, na sasa zamu ni yetu: mishahara itakatwa, na kazi zisizo za lazima zitafutwa. Yangu ni ya kwanza kwenye orodha. Sababu: rula imezama, kwa hiyo hakuna cha kupimia.

Nilidhani anatania. Nikamweleza habari za mwanzi. Akacheka mbele ya watu. "Weye, maji iko inajionyesha yenyewe. Serikali italipa muntu wa kuangalia maji?"

Nina hasira. Nimekula ugali bila kuuonja.

Jumamosi, 7

Mkutano nyuma ya forodha. Msemaji alikuwa Anzuruni, karani wa forodha, rafiki yangu tangu shule ya misheni. Mtu yule hajui kunong'ona. Hakuna atakayekatwa peke yake, alisema. Wakimgusa mmoja wametugusa wote. Greve, yaani mgomo, kuanzia Jumatatu. Wapagazi, makarani, wauguzi wa dispensari, mikono yote juu. Na wangu. Ulipanda kabla sijafikiri.

Njiani ndipo nikafikiri. Karani akirudi atazikuta karatasi zake mezani. Maji ya Jumatatu hayatanisubiri mpaka Ijumaa.

Jumatatu, 9

Sikwenda. Mstari mtupu. Miaka minane sijaacha hata siku moja, hata siku ya uhuru nilipima kwanza ndipo nikaenda kucheza. Nimezunguka uani kutwa nzima. Furaha, mke wangu, amesema nakanyaga mboga zake.

Jumanne, 10

Nililala mchana. Niliota napima ziwa kwa mkono wangu, maji ya uvuguvugu yakafika kwenye kiwiko, yakafika begani, na mimi sikuogopa. Nilipoamka wanawake watatu wa safu ya chini walikuwa mlangoni, mama mbele yao, naye ndiye aliyeuliza.

"Ile greve yenu iko juu ya serikali ao juu yetu? Miye niko nalala na maji chini ya kitanda."

Nikaenda, nikapima, sikuandika. Vidole vitatu kwa siku mbili! Niliwaambia waanze kufunga vitu vyao.

Jumatano, 11

Anzuruni amekuja amefura. Greve ni greve, nimemwaibisha. Tuligombana mpaka Furaha akatoka na ufagio. Kisha Anzuruni akaketi, akauliza kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, akiniita kaka kama tulipokuwa shule: "Ile hesabu yako iko ya nani, yaya?"

Ya watu, nikasema. Basi wape watu, akasema, ofisi usiipe. Tukakubaliana hivyo. Kila asubuhi nitapita nyumba kwa nyumba na kusema maji yalipofika. Mkuu hawezi kuniuliza bila kukubali kwamba kazi yangu ipo. Nimeshuka kwenye mwanzi nikicheka peke yangu njia nzima.

Jumapili, 15

Wagomaji wote walishuka safu ya chini baada ya misa. Maji magotini. Tulibeba vitanda, masufuria, mitungi, kuku wamefungwa miguu. Wapagazi waliimba. Hakuna winchi iliyolia, hakuna lori, mji mzima kama unaelea. Kiboko alisimama katikati ya barabara ya bandari akitutazama, na hakuna aliyekimbia. Sijui tulikuwa tumelewa nini.

Hakuna aliyegusa ghala la serikali. Tulilipita tukiimba. Nilifurahi, sikatai.

Safu ya chini sasa ni tupu. Mama yuko nyumbani kwangu Kilibula, huku juu, ameshaanza kumfundisha Furaha kupika sombe, majani ya muhogo.

Jumatano, 18

Askari wameingia kwa malori. Watu wanasema kuna vijana wanaopanda milimani kujiunga na waasi, na serikali inaogopa kila penye watu zaidi ya wanne. Tangazo limebandikwa forodhani: atakayerudi kazini kesho atabaki, kwa mshahara uliokatwa. Asiyerudi abaki nje.

Hakuna mkutano. Kila mtu amejifungia kwake na mke wake.

Alhamisi, 19

Wamerudi. Anzuruni pia. Alipita kwangu kwanza, hakutaka kukaa. Ana watoto saba. "Unisamehe, yaya." Sikumsamehe. Naandika hapa nisije nikajidanganya baadaye: nilimtazama mpaka akaondoka.

Mimi sikuwa na pa kurudi. Nimepewa barua, ina mhuri na sahihi ya mkuu. Kazi imefutwa, nirudishe rejista. Nimeirudisha. Karani wa mkuu aliiweka chini ya boksi la kalamu bila kuifungua.

Jumatatu, 23

Ghala la serikali limeingiwa na maji. Magunia ya saruji yamegeuka mawe. Sukari imeyeyuka yote, na leo watoto wa bandarini wanasema ziwa ni tamu. Niliinama nikaonja. Si tamu. Nilibaki nimeinama pale kwa muda mrefu, ukungu ukanipita mgongoni, nikasikia usingizi.

Jumanne, 24

Manyunyu tangu alfajiri. Mkuu amekuja Kilibula kwa miguu, viatu mkononi, suruali imekunjwa. Nyumba yake ni ile ya veranda, ufukweni kabisa. Mkewe ana mimba ya mwezi wa tisa. Alisimama uani akamsalimu mama vizuri, kwa heshima, kisha akaniuliza maji yamefika wapi.

Nilitaka kunyamaza. Nilikuwa na haki ya kunyamaza. Lakini asubuhi nilikuwa nimepita kwenye mwanzi, ingawa hakuna aliyenituma. Nikamwambia: yanapanda kidole na nusu kwa siku sasa, kufika Ijumaa yatajaa chumbani kwenu. Mtoe mke wako leo.

Tulishuka pamoja. Tulitoa meza, viti, masanduku, saa ya ukutani. Mkewe aliketi juu ya sanduku kule barabarani, amejifunika kitenge kichwani, anatutazama. Maji yalikuwa yanapita chini ya mlango polepole, safi kabisa, na sakafu ilionekana kama iko mbali.

Kilibaki kitanda. Mkuu aliuliza kesho nani atamletea habari za maji. Nikamwambia hakuna mtu, kazi hiyo ilifutwa, na sahihi ni yake. Akainama akashika. Tukakiinua kitanda, yeye upande wa kichwa, mimi upande wa miguu.